SI KILA TUMBO LINALOUMA NI TAIFODI

Ukikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, iwe hospitali ya wilaya pale Kilosa au St. Kizito Mikumi, hutakosa mtu mzima aliyeshika tumbo. Muulize anaumwa nini, atakujibu hata kabla hajapimwa: "Taifodi."

Homa ya matumbo ipo, hatukatai. Lakini kipimo cha Widal, ambacho ndicho kimezoeleka, si cha kutegemewa sana, kwani kinga inayotafutwa kwenye damu huweza kubaki tangu ugonjwa wa zamani. Uthibitisho hasa ni kuotesha damu maabara, na huduma hiyo haipatikani kila mahali. Ndiyo maana utamkuta mtu anatibiwa taifodi mara tatu kwa mwaka na tumbo liko pale pale.

Huenda huyo ana vidonda vya tumbo. Tumezoea kusema vinaletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua bakteria aitwaye Helikobakta pailori. Marshall aliwanywa bakteria hao mwaka 1984, akaugua tumbo kweli! Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Sababu ya pili tunainunua wenyewe. Mkata miwa wa Ruhembe anarudi mgongo unamuuma, anapitia duka la dawa, anameza diklofenaki kwa tumbo tupu wiki nzima. Dawa hizi huondoa kinga ya ukuta wa tumbo. Basi ukiona choo cheusi kama lami, au mgonjwa anatapika damu, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Upande mwingine ni maji. Mto Mkondoa ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010, maelfu ya watu wa Kilosa walihama nyumba zao. Mafuriko yakifikia vyoo, uchafu huingia visimani, na hapo ndipo kipindupindu, kuhara damu na taifodi yenyewe hupata njia. Kichocho cha matumbo nacho hutokana na kinyesi kinachofika mtoni. Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia njiani, kivulini na penye maji ya watu, hapo bwana afya hana la kuongeza.

Ila istinja tunaifanya nusu. Maji peke yake hayatoshi, mkono uoshwe kwa sabuni, hasa wewe mama unayekwenda kukanda unga.

Na mwenye vidonda anayetaka kufunga Ramadhani amuone daktari mapema, ikiwezekana Rajabu. Dawa za kuua bakteria huchukua kama wiki mbili, kisha kidonda kinahitaji muda wa kupona. Azimalize zote, hata kama maumivu yamekwisha siku ya nne.