Baraza na Daftari la Kasoro: Utunzaji wa Programu Huria katika Jumuiya ya Debian

1. Utangulizi

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo maandishi yake ya asili yako wazi: kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha, kuyanakili na kuwagawia wengine. Wengi wanapoisikia sifa hiyo hudhani kwamba uwazi peke yake unatosha kuifanya programu iwe bora. Dhana hiyo ina upungufu. Maandishi yanayoweza kusomwa na watu wote yanaweza pia yasisomwe na mtu hata mmoja. Kinachoidumisha programu huria ni utaratibu wa kijamii, ambao kwao watu wasiofahamiana huambizana kasoro, huzijadili na kuzifuatilia mpaka ziondolewe. Makala haya yanaeleza utaratibu huo kwa kuangalia jumuiya moja, yaani Debian.

Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwezi wa Agosti 1993. Ni mkusanyo wa maelfu ya programu huria, unaotunzwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Kila programu hufungwa katika kifurushi, na kifurushi hukabidhiwa mtunzaji mmoja au kikundi cha watunzaji. Kwa kuwa watu hao hawana mwajiri mmoja wa kuwaamrisha, kazi yao husimama juu ya nguzo mbili: baraza na daftari.

2. Juu ya neno lenyewe

Waingereza huiita kasoro ya programu kwa jina la mdudu. Habari ya nondo aliyekutwa ndani ya mashine ya Harvard Mark II mwaka 1947 hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo asili ya jina hilo, lakini wahandisi walikuwa wakilitumia tangu karne ya 19. Kiswahili hakina haja ya kumwazima mdudu huyo, maana kina maneno yake: kosa, kasoro, hitilafu, dosari. Kati ya hayo, kosa humwelekea mtendaji, hali kasoro hukaa katika kitu chenyewe. Tofauti hii si ndogo. Anayepeleka taarifa ya kasoro hamshtaki mtunzaji wa programu. Anashuhudia hali ya kitu ambacho wote wawili wanakihitaji. Jumuiya inayochanganya mambo hayo mawili hujikuta ikigombana badala ya kutengeneza.

3. Baraza si daftari

Baraza ni mahali pa mazungumzo. Katika Debian, mabaraza mengi huendeshwa kwa baruapepe, na kila moja lina shughuli yake: moja ni la watumiaji wanaotafuta msaada, jingine la watengenezaji, mengine ya watafsiri na ya lugha mbalimbali. Mazungumzo hayo huhifadhiwa ili mwenye swali kama hilo kesho asilazimike kuuliza upya. Mwaka 2014 jumuiya ilipitisha kanuni za mwenendo zinazowataka wasemaji waheshimiane, wadhaniane mema, washirikiane na wasirefushe maneno bila sababu.

Hata hivyo baraza lina udhaifu wa asili: husahau. Jambo lililosemwa Jumatatu hufunikwa na maneno ya Ijumaa. Kwa hiyo, mnamo mwaka 1994, Ian Jackson alitengeneza daftari la kasoro la Debian. Kila taarifa inayopelekwa huko kwa baruapepe hupewa namba yake na kufikishwa kwa mtunzaji wa kifurushi kinachohusika. Majibu yote yanayotumwa kwa namba hiyo hukaa pamoja, yakisomeka kwa kila mtu. Mtunzaji akiisha kutengeneza, huifunga taarifa kwa kueleza alichofanya, na maelezo hayo humrudia yule aliyeileta. Huyu, akiona kasoro ingalipo, anaweza kuomba ifunguliwe tena. Namba hizo zimekwisha kupita milioni moja.

Taarifa hupimwa uzito wake katika madaraja saba. Daraja la juu kabisa ni la kasoro inayoharibu mfumo mzima, inayopoteza data kwa kiasi kikubwa au inayofungua mlango kwa wavamizi. Daraja la chini kabisa ni la matakwa tu, yaani mambo ambayo mtumiaji angependa yaongezwe. Kasoro za madaraja matatu ya juu zinaweza kuzuia kifurushi kisiingie katika toleo jipya. Zaidi ya uzito, taarifa hutiwa alama: hii inahitaji maelezo zaidi, hii haikuweza kurudiwa, hii imekuja na tiba yake, hii yahusu tafsiri. Taarifa mbili zinazosema jambo moja huunganishwa.

4. Ushahidi unaofaa

Daftari hufaa kadiri ushahidi ulioandikwa ndani yake unavyofaa. Taarifa isemayo "programu haifanyi kazi" haimsaidii mtunzaji, kwa sababu haimwonyeshi pa kuanzia. Ushahidi mwema hujibu maswali manne. Ni toleo gani la programu lililotumika, na kwenye mfumo gani? Mtumiaji alifanya nini, hatua kwa hatua? Alitarajia nini? Ni nini kilichotokea, pamoja na maneno kamili yaliyotokea kwenye kioo? Mtumiaji asiichanganye kasoro aliyoiona na sababu anayoidhania; dhana yake na iandikwe, ila baada ya aliyoyaona.

Ni dhahiri kwamba ushahidi wa namna hii hauhitaji ufundi wa kuandika programu. Unahitaji uangalifu, uaminifu na lugha iliyo wazi. Mwalimu, karani au mwanafunzi anaweza kuutoa sawasawa na mhandisi.

5. Kutokuficha

Mwezi wa Julai 1997 Debian ilipitisha mkataba wake wa kijamii, na mojawapo ya ahadi zake ni kutoyaficha matatizo: daftari lote la kasoro hubaki wazi kwa umma. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mfanyabiashara, orodha ndefu ya kasoro huonekana kuwa aibu. Kwa jumuiya hii ni dalili ya kwamba watu wanaitumia kazi yao na wana imani ya kusema. Kuna hali moja inayotengwa: udhaifu wa usalama ambao bado haujatangazwa unaweza kupelekwa kwa faragha kwa kikundi cha usalama, ili tiba iwe tayari kabla wavamizi hawajapata habari.

6. Utaratibu ulipokosa kutosha

Tukio la miaka ya 2006 hadi 2008 linaonyesha kwamba hata daftari na baraza vinaweza kuwapo vyote viwili na madhara yakatokea. OpenSSL ni programu inayotengeneza funguo za siri za kulinda mawasiliano. Mwaka 2006 iliandikwa taarifa katika daftari la Debian kwamba chombo cha ukaguzi kilikuwa kikiilalamikia programu hiyo kwa namna inavyotumia kumbukumbu ya kompyuta. Mtunzaji hakupuuza. Alikwenda kuuliza katika baraza la watengenezaji wa OpenSSL wenyewe kama mistari iliyolalamikiwa ingeweza kuondolewa, na majibu aliyoyapata hayakumzuia. Akaiondoa.

Kumbe mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza bahati nasibu inayozifanya funguo zisikisike. Kilichobaki cha kutofautisha ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ya kazi ndani ya kompyuta, ambayo wakati huo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Mvamizi aliweza kuzijaribu zote kwa muda mfupi. Kasoro hiyo ilikaa karibu miaka miwili, ikaenea hata katika mifumo iliyojengwa juu ya Debian, kama vile Ubuntu. Debian iliitangaza tarehe 13 Mei 2008, na wasimamizi wa kompyuta duniani kote wakalazimika kutupa funguo zao na kutengeneza nyingine.

Baadaye yalizuka mabishano kama baraza lile ndilo lililofaa kuulizwa, na kama swali lilieleza wazi kwamba badiliko lilikusudiwa kupelekwa kwa watumiaji wote. Jambo moja halina ubishi: badiliko lenyewe lilibaki ndani ya kifurushi cha Debian, wala halikurudishwa rasmi kwa watengenezaji wa asili ili walikague na kulikubali au kulikataa. Maneno yalipita barazani, lakini uamuzi haukuandikwa mahali ambapo wenye ujuzi wangelazimika kuukabili. Daftari la Debian linayo njia ya kuonyesha kwamba taarifa imepelekwa kwa watengenezaji wa asili, na tukio hili linafundisha kwa nini njia hiyo isionekane kuwa karatasi tupu.

7. Hitimisho

Jambo hili linawahusu wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Tafsiri nayo huwa na kasoro: neno lisiloeleweka, istilahi mbili kwa kitu kimoja, upatanisho wa ngeli uliovunjika pale kompyuta inapounganisha namba na jina. Kasoro hizo mhandisi asiyejua Kiswahili hawezi kuziona kabisa. Mwenye kuziona ni msemaji, naye akinyamaza, zitarudi katika kila toleo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha anayekutana na neno baya kwenye kioo ana kazi mbili. Kwanza, alijadili neno hilo barazani pamoja na wasemaji wenzake, wa Lubumbashi, wa Bujumbura na wa Unguja, ili tofauti za mahali zisikike. Pili, yakiisha mazungumzo, aliandike daftarini: neno lililopo, mahali linapoonekana, neno linalopendekezwa na sababu yake. Bila hatua ya pili, mazungumzo yale hayatamfikia mtunzaji, na neno baya litabaki kwenye kioo.