Waliokwepa Tohara Hawakukwepa kwa Sababu Moja

Mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani na UNAIDS yalipendekeza tohara ya kitabibu kwa wanaume katika nchi zilizoelemewa na VVU. Ushahidi ulitoka katika majaribio ya Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda: tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Mamilioni walijitokeza. Hata hivyo, wapo walioujua ujumbe huo, wakaukubali, na bado hawakukanyaga kliniki.

Wapanga kampeni wamezoea kuwagawa watu kwa umri, elimu na wilaya. Lakini vijana wawili wa rika moja, wakazi wa mtaa mmoja, wanaweza kuukwepa wembe kwa sababu zisizofanana: huyu anaogopa maumivu, yule anaona haya kuvua nguo mbele ya muuguzi. Kumweleza huyu wa pili habari za ganzi ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Ndiyo maana watafiti waliofanya kazi Zambia na Zimbabwe, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017, waliwahoji wanaume wa miaka 15 hadi 29, takriban 2,000 katika kila nchi, kuhusu hofu, imani, marafiki na nia zao. Majibu yalipochambuliwa, Zimbabwe ilitoa makundi sita na Zambia saba. Walikuwamo wenye shauku waliosubiri kusukumwa kidogo tu, waliosita hadi rafiki atangulie, na waliokataa kwa hofu.

Uchanganuzi huo wa kuwagawa watu katika makundi hufanyaje kazi? Kila jibu hugeuzwa kuwa namba, na kila mtu huwa nukta. Katika mojawapo ya mbinu zinazotumika sana, kompyuta huweka vituo vichache, humpa kila mtu kituo kilicho karibu naye, kisha huhamishia kila kituo kwenye wastani wa watu wake. Hurudia hivyo mpaka asibaki wa kuhama.

Tahadhari ni kwamba kompyuta iliyoambiwa itafute makundi matano itayatoa matano, hata kama data haina mpangilio wowote. Idadi ya makundi na maswali ya kuulizwa huamuliwa na binadamu. Swali la aibu lisipokuwamo kwenye dodoso, wenye haya hawataonekana popote.

Tena, mhamasishaji hawezi kumhoji kila mtu kwa dodoso refu. Kwa hiyo watafiti waliandaa maswali machache ya kutambua mtu ni wa kundi gani. Mhamasishaji akigundua kwamba mtu huyo ni mwenye haya, amzungumzie faragha ya chumba cha huduma. Akigundua ni mwenye hofu, amkutanishe na aliyekwisha kupona.