Kusema mbele ya wakubwa ni kazi ya kujifunza

Kila mara uchaguzi wa madelege unapokaribia, tunasikia wafanyakazi wakisema: «Tumuchague huyu, anajua Kifaransa.» Hatukatai Kifaransa. Lakini sisi watu wa sendika tumekaa miaka mingi ndani ya mikutano na direksioni, na tumeona mengi. Tumeona delege mwenye Kifaransa kitamu akisema nusu saa, wakubwa wanatikisa kichwa, wanamushukuru, na anatoka mikono mitupu. Tumeona pia fundi wa mashini, Kiswahili chake cha Kolwezi tupu, akisema dakika tatu, na mabuti mapya yakafika mbele ya mwisho wa juma. Huyu wa pili alikuja na tarehe, hesabu na ombi moja.

Ukiingia na kusema: «Batu banateseka sana, bakubwa mutuonee huruma», umemupa mukubwa njia ya kujibu maneno ya bure: tumesikia, tutaangalia. Sasa sikia namna ingine, kwa mfano: «Ventilateri ya chini imesimama mara ine tangu tarehe 3. Kila mara tuliandika ndani ya kaye ya ekipe, saini ya shefu iko. Tunaomba itengenezwe mbele ya siku ya kwanza. Kama haiwezekani, batu basishuke.» Pale mukubwa anabakia na ndiyo ao hapana, na jibu lake linaandikwa.

Tumesema ombi moja, ao mawili kama yanashikamana. Delege akileta kumi na mawili, direksioni itachagua lile la sabuni, itakubali kwa furaha, na saa ya mkutano itakuwa imeisha. Tumeliona jambo hili kwa macho yetu katika kampuni moja ya hapa kwetu: watu walienda juu ya mushahara, wakarudia na sabuni.

Usiende peke yako. Mmoja anasema, mwingine anaandika, wa tatu anasikiliza tu na kumugusa mwenzake kwa mguu wakati hasira inapanda. Maana kuna wakubwa wanaokutafuta makusudi: anakuita kwa zarau, anacheka, anangojea ulipuke ili useme neno moja baya, na kutoka hapo mazungumuzo yote yanakuwa juu ya neno lako. Kunywa maji. Muachie mwenzako aendelee.

Wengine wanaogopa kufukuzwa. Tuwakumbushe: Sheria ya kazi ya 2002 inasema mwajiri hawezi kumufukuza delege bila Inspekta wa kazi kukubali kwanza. Delege anayejua hilo anasema kwa sauti ya kawaida, hana lazima ya kupiga kelele wala ya kunongona.

Siku hizi upande wa pili wa meza mara nyingi ni Mchina, na maneno yetu yanapita kwa mkalimani. Hapa sentensi ndefu ni hasara. Sema neno moja, simama, ungoje. Muangalie mukubwa mwenyewe, usimuangalie mkalimani, kwani si yeye mwenye kutoa jibu. Acha mezali na mizaha, zinakufia njiani. Na hesabu yoyote, franga ao tarehe, iandike kwa tarakimu kwenye karatasi na kuiweka juu ya meza. Tarakimu haina lazima ya mkalimani.

Kisha kuna PV. Mkutano unaweza kwenda muzuri sana, halafu saa kumi na moja jioni, watu wamechoka, njaa inauma, wanaleta karatasi ya Kifaransa, kurasa ine: tia saini. Maneno yale tunayoandika juu ya saini, «lu et approuvé», maana yake nimesoma na nimekubali. Basi omba isomwe kwa sauti, kipande kwa kipande, na igeuzwe kwa Kiswahili. Kiswahili ni luga ya taifa ndani ya Katiba yetu, na ni luga ya mugodi tangu wakati wa Union Minière. Hakuna haya. Kama «tutatengeneza» imegeuka kuwa «tutajifunza namna ya kutengeneza», usitie saini mpaka irudie vile ilivyosemwa.

Wazee wetu walilipa bei kubwa juu ya jambo hili. Desemba 1941, kule Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière walikusanyika ndani ya uwanja wa mupira kuomba nyongeza ya mushahara. Msemaji wao alikuwa karani, Léonard Mpoyi. Kama walivyosimulia waliokuwako, gavana aliwaambia waende, na Mpoyi akaomba uhakikisho kwamba kampuni imekubali kweli. Aliuawa palepale, na wengine wengi pamoja naye. Leo hakuna anayetupiga risasi kwa kuomba karatasi. Tuiombe basi.

Mazoezi yanafanyika nyumbani. Simama mbele ya bibi yako na watoto, sema maneno utakayosema kesho. Bamama ni wasikilizaji wakali: «Papa, umerudilia lile neno mara tano, na bado sijajua unaomba nini.» Bora aseme yeye leo kuliko direkta kesho.

Na si madelege tu. Shefu wa ekipe anayesoma karatasi ya usalama asubuhi, macho chini, sauti ndani ya shati, huku watu wanafunga mabuti yao, hajasema kitu. Tunawaomba mashefu: acheni karatasi, ulizeni. Nani alikuwa zamu ya usiku? Aliona nini? Jiwe gani linalia pale juu? Halafu mwite yule mpya kuliko wote, arudilie mbele ya wenzake njia ya kutokea. Akikosa, mueleze tena palepale, gari ya kushuka itangoja.