Mombasa ya Mfuko Mwepesi

Watu wengi wa bara wakisema wameenda Mombasa, kwa kweli wamepita Mombasa. Hushuka garimoshi Miritini, wakapanda gari la kuwafikisha Nyali, Bamburi au Diani, wakakaa siku zao kando ya bwawa la hoteli, kisha wakarudi makwao ngozi imeungua na mfuko umekauka. Kisiwa chenyewe, ambacho ndicho Mombasa hasa, wamekiona dirishani.

Wangeteremka wangeokoa pesa. Kisiwani hakuna ufuo wa kujivunia, na pengine ndiyo sababu bei hazijapanda kama za ng'ambo ya maji. Kilichopo ni mji. Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, Vasco da Gama akautia macho mwaka 1498 na hakupendezwa na mapokezi aliyoyapata, na tangu hapo Wareno, Waomani, Wamazrui na Waingereza wameupigania kwa zamu. Mabaki ya vurugu zote hizo yamebanana katika eneo ambalo mtu mzima mwenye viatu vizuri anaweza kulizunguka kwa asubuhi moja.

Waingereza wana mtindo wao wa matembezi ya namna hii. Huenda kuzuru miji yenye makanisa makuu ya kale: Canterbury, ambako mmishonari Augustine alifika mwaka 597; Durham, ambako ujenzi wa kanisa ulianza mwaka 1093; York na mingineyo. Canterbury na York mtalii hulipa kiingilio. Durham mlango uko wazi na sanduku la sadaka liko karibu nao. Wenye mfuko mwepesi wanajua ujanja wa kungoja sala ya jioni, maana anayekuja kusali hatozwi, na kwaya huisikia bure. Mombasa nayo ni mji wa kanisa kuu. Tena ina makuu mawili, yako barabara moja, na kati yake mtu hahitaji hata tuktuk.

Pa kuanzia pazuri ni Tononoka. Si mtaa wa kitalii. Unajulikana kwa uwanja wake wa mikutano, ambako wanasiasa wa kila rangi wamepaza sauti, kwa ukumbi wake wa jamii, kwa shule yake ya upili na kwa mahakama yake. Lakini uko ndani ya kisiwa, na ukitembea kidogo tu unatokea Mwembe Tayari, penye ofisi za mabasi ya masafa marefu na gesti za bei ya wasafiri. Hizo gesti zisitarajiwe makuu: kitanda, chandarua, feni inayozunguka, bafu safi ukibahatika. Jambo la busara ni kuomba kukiona chumba kabla ya kulipa, na kujaribu feni kabla ya kujaribu godoro. Mombasa bila feni, hasa kuanzia Januari hadi Machi, ni adhabu.

Kutoka Tononoka hadi lango la Ngome ya Yesu ni mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu, na njiani mambo ni mengi. Barabara ya Jomo Kenyatta ina mnara wenye sanamu za askari wa Kiafrika waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Maelfu ya wapita njia huupita kila siku bila kuinua kichwa, na mgeni ndiye husimama kuutazama. Mbele kidogo, Barabara ya Digo inakata kwenda kusini, na hapo mtembezi aamue kama ana nguvu ya kupinga vishawishi, kwa sababu njiani unaikuta Biashara Street, mtaa wa leso. Kaderdina Hajee Essak, duka ambalo alama yake ya "Mali ya Abdulla" inajulikana na kila mama wa pwani, lilianzishwa mwaka 1887. Kutazama hakulipiwi. Jozi moja ya leso pia ni zawadi nyepesi na ya heshima kuliko vinyago vinavyouzwa kwa watalii.

Kisha Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka 1914, lenye viungo vya pilau, maembe, ndizi na kelele. Karibu na hapo, Langoni Road, kuna hekalu la Wajaini la mwaka 1963, jeupe la marumaru, lililonakshiwa kila pembe. Mgeni huvua viatu na kuacha nje kila kitu cha ngozi, mkanda ukiwemo, kwa kuwa dini hiyo haitaki kiumbe adhurike.

Barabara ya Digo inapokutana na Nkrumah Road ndipo linaposimama Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, la Wakatoliki, lenye minara miwili na tao za duara za mtindo wa Ulaya ya kale. Ndani ni baridi kuliko nje kwa tofauti inayosikika mara tu ukivuka kizingiti. Ni kubwa na lina haiba yake, ila linaweza kuwa Lisbon au Marseille.

La Waanglikana, hatua chache mbele kwenye barabara hiyohiyo, haliwezi kuwa kwingineko. Kanisa Kuu la Ukumbusho lilijengwa kati ya mwaka 1903 na 1905, na mwenye kuliona kwa mbali huhisi ameona msikiti: kuba, kuta nyeupe, madirisha yenye tao zilizochongoka kwa namna ya Kiarabu. Msanifu wake, John Sinclair, ndiye aliyesanifu pia majengo kadhaa mashuhuri ya Unguja, na alipenda kuchanganya mitindo ya mwambao na ya kwao. Miongoni mwa wanaokumbukwa na kanisa hilo ni Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga Oktoba 1885 akielekea Buganda. Wakati linajengwa, Dayosisi ya Mombasa ilikuwa na umri wa miaka michache tu. Iliundwa mwaka 1898. Jumapili watu husali humo, na mgeni aliyevaa kwa staha hukaribishwa kama mgeni yeyote.

Ukishuka Nkrumah Road unafika Treasury Square, bustani ndogo penye sanamu ya Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetoka India akatandaza maduka hadi Uganda. Hapo jirani yapo majengo ya serikali ya kikoloni, kisha Mahakama ya Kale ya mwaka 1902. Halafu bahari, na ngome.

Kama kuna mahali pamoja pa kufungua pochi Mombasa, ni hapa. Tiketi hupangwa kwa uraia: Mkenya hulipa kidogo, mgeni wa kutoka mbali hulipa zaidi sana, na watoto hulipa pungufu. Kitambulisho kisisahaulike gesti. Langoni watakuwepo waongozaji. Mwenye kumtaka mmoja wao akubaliane naye bei kabla ya hatua ya kwanza, na aone kadi yake. Kwa mtu ambaye hajasoma historia ya pwani, mwongozaji mzuri anastahili kila shilingi. Bila maelezo, ngome hugeuka kuwa mawe na mizinga.

Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Aliipa umbo lenye kichwa, mikono na miguu, kama walivyopenda wasanifu wa enzi yake. Kisa chake kikali zaidi ni cha Yusuf bin Hasan. Baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa kwa njama ya Wareno mwaka 1614. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Kiagustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akaoa Mkristo, na hatimaye akarudishwa kuwa mfalme anayeaminiwa na Wareno. Mnamo Agosti 16, 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaurudia Uislamu na jina lake. Wareno wa mjini, mapadri wakiwemo, waliuawa. Mwaka uliofuata Yusuf aliiacha ngome, Wareno wakarudi, naye akaishia kuwa haramia baharini. Hiyo ndiyo Mombasa ambayo brosha za hoteli haziitaji.

Mzingiro wa Waomani ulikuja baadaye: ulianza Machi 1696 na kuisha Desemba 1698, karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi ndani ya kuta. Meli ya Kireno iliyoletwa kuwaokoa waliozingirwa, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichunguza katika miaka ya 1970, na vitu walivyovitoa vimo katika jumba la makumbusho ndani ya ngome: vyungu, porselini, vifaa vya mabaharia. Kuna pia michoro ya meli iliyochorwa ukutani na mabaharia wa Kireno, na nyumba ya Kiomani inayotazama bahari. Waingereza waliifanya ngome kuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia. Saa mbili hazitoshi, na tiketi imeshalipwa, kwa hiyo asitoke mtu kwa haraka.

Mbele ya ngome, ng'ambo ya barabara, kuna makaburi ya ukoo wa Mazrui. Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1933 na kufundisha Makerere kisha Marekani, alizikwa hapo mwaka 2014. Aliyetaka kurudi kwao alirudi.

Kutoka hapo kwenda kaskazini ndio Mji wa Kale, na kuanzia hapa pesa haina kazi kubwa. Ndia Kuu ndiyo uti wake: milango ya kuchonga, roshani za mbao zilizoletwa na mkono wa Kihindi, maduka ya vitu vya kale ambayo bei zake huanza juu na hushuka ukigeuka kuondoka. Msikiti wa Mandhry, ambao tarehe yake hutajwa kuwa 1570, umo katika mji huo, na mnara wake mweupe mnene. Bado unasaliwa, basi asiye Mwislamu aombe ruhusa na asipige picha za watu wakitawadha. Leven House, juu ya maji, iliwahi kuwapokea wageni akina mmishonari Krapf na mvumbuzi Burton. Ngazi zake zinateremka hadi Bandari ya Kale, ambako zamani majahazi ya Ghuba yalitia nanga kwa pepo za kaskazi na kuondoka kwa za kusi. Siku hizi ni machache.

Kupotea vichochoroni si hatari mchana, na ni bure. Simu yenye ramani huchanganyikiwa huko. Mzee aliyekaa barazani hachanganyikiwi. Asalimiwe kwanza, ndipo aulizwe njia. Anayeanza na swali bila salamu hujibiwa kwa ufupi, na inamstahili.

Chakula ndicho furaha kubwa ya bajeti ndogo. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Mchana wali na samaki wa kupaka, au pilau, katika mkahawa wa wenyeji badala ya ule wenye menyu ya lugha nne. Alasiri viazi karai na bhajia za barabarani, na jioni mishkaki inafuka moshi kwenye makaa. Muuza kahawa na dele lake la shaba hukutilia kahawa tungu kikombe kidogo kwa sarafu chache, na kashata pembeni. Kwenye Ramadhani mambo hugeuka: mchana mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, na ni utovu wa adabu kutafuna mbele ya waliofunga, lakini jua likizama meza hutolewa nje na kaimati, sambusa na futari ya kila aina hujaa mtaa mzima. Msafiri anayejua kusubiri hatajuta kuuchagua mwezi huo.

Nje ya hapo, nyakati za kukwepa ni Desemba na wikendi ya Pasaka, bara yote inapoteremka pwani na vyumba hupanda bei. Nauli ya garimoshi la Madaraka kutoka Nairobi, daraja la kawaida, ilikuwa shilingi 1,000 kwa miaka mingi. Januari 2024 ilipanda hadi 1,500. Tiketi za siku za sikukuu huisha mapema. Ukishuka Miritini, madereva wa teksi watakulaki kwa mikono miwili. Matatu ziko nje kidogo tu na hazina haja ya kukulaki.

Siku ya pili ni ya hewa. Sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue hutazamwa bure. Za kwanza ziliwekwa mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth. Mama Ngina Drive, iliyotengenezwa upya mwaka 2019, ina mibuyu, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, na meli kubwa zinazoingia Kilindini kwa ukaribu wa kushangaza. Hapo jirani ni kivuko cha Likoni: anayevuka kwa miguu halipi hata senti, kwenda na kurudi, na hakuna safari ya baharini ya bei hiyo popote pwani. Simu ikae mfukoni, kwa wezi na kwa askari wasiopenda picha.

Mwenye nusu siku iliyobaki avuke Daraja la Nyali kwa matatu hadi Kengeleni. Hapo ndipo Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari wa Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Kengele iliyokuwa ikipigwa kuwaonya watu hatari ikija ingalipo kando ya barabara, na mara nyingi hakuna mtalii hata mmoja. Matatu za kurudi mjini husimama palepale, na makanga atakuita kabla hujamwona.