Shingo inayouma haimalizwi kwa kuchuliwa tu

Kichwa cha mtu mzima kina takriban kilo 5. Mwaka 2014, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwa kompyuta kwamba ukikiinamisha nyuzi 60 kusoma simu, mzigo kwenye shingo hufika kilo 27. Hiyo ni zaidi ya nusu mfuko wa saruji. Ni hesabu tu, haikupimwa kwa watu, lakini mzazi anayemaliza jioni shingo ikiwa ngumu kama gogo hatabishana nayo.

Kichwa kusogea mbele si ugonjwa. Wapo vijana wengi wa namna hiyo wasioumwa kabisa, kwa hiyo kumkemea mtoto "kaa wima" kutwa nzima hakumsaidii. Shida ni kukaa mkao mmoja saa nyingi, na misuli iliyodhoofika.

Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia haishii kuchua. Kuchua na kitambaa cha moto hutuliza, kisha maumivu hurudi. Kinachodumu ni mazoezi. La kwanza huonekana la kuchekesha: kaa, tazama mbele, rudisha kidevu nyuma moja kwa moja bila kukiinua wala kukiinamisha, mpaka kitokee kidevu cha pili. Hesabu hadi 5, achia, rudia mara 10, asubuhi na jioni. La pili ni kubana mabega kwa nyuma, kana kwamba umeshikilia kalamu katikati ya mgongo. Mabadiliko huchukua wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Simu nayo ipande usawa wa macho, na kila nusu saa mtu asimame, hata kama ni kwenda kuangalia sufuria.

Kwa kinyozi anayezungusha shingo ghafla mpaka ilie, bora kukataa. Ni nadra, lakini mshipa wa damu uendao kwenye ubongo unaweza kuchanika na kuleta kiharusi.

Mkono ukifa ganzi au kupoteza nguvu, usianze mazoezi kabla ya kumwona daktari. Na mtoto mwenye homa ambaye shingo imekakamaa, hawezi kugusisha kidevu kifuani, apelekwe hospitali usiku huohuo. Huenda ni homa ya uti wa mgongo.