"Tuuze nje!" Sawa, lakini mzigo ukikwama hasara ni ya nani?

Uzi 🧵

Kila msimu wa siasa tunaambiwa: kampuni zetu zihimizwe kuuza nje, masoko yako tele. Makofi. Hakuna anayeuliza: serikali ya kule mzigo unakoenda ikikasirika, nani atabeba hasara?

Chukueni chai na Sudan. Si mambo ya mbali haya. Mnada wa chai uko Mombasa tangu 1969, na kuna majirani zetu hapa Utange wanaoamka alfajiri kuvuka daraja la Nyali, waende Shimanzi kubeba magunia.

Sudan ilikuwa kati ya wateja wetu wakubwa wa chai nyeusi. Aprili 2023 vita vikaanza kwao, lakini biashara haikufa, mzigo uliendelea kuingia Port Sudan. Kilichoivunja kilitokea Nairobi. Februari 2025, RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan, kilikutana huko na washirika wake na kutia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Machi, serikali ya Sudan ikapiga marufuku bidhaa zote za Kenya. Chai haikuwa mbovu, bei haikuwa shida. Makontena yakakwama tu.

Sasa fuata hasara inavyoteremka. Kampuni ishanunua mnadani na kulipa, pesa imelala ndani ya kontena. Chai imechanganywa kwa ladha ya mteja wa kule. Ukimtafuta mwingine, ashajua umebanwa, atakupa bei ya kukucheka. Kwa hivyo kampuni inapunguza kununua. Na godauni likikosa mzigo, kibarua wa siku haandikiwi barua ya kufutwa kazi. Anaambiwa, "Leo hakuna, jaribu kesho."

Kuna watakaosema basi tuachane na nchi zenye vurugu. Mimi hapo sikubali. Pakistan pekee inachukua zaidi ya thuluthi ya chai yetu, na kumtegemea mteja mmoja nako ni kamari. Masoko mengine tunayahitaji, hata yenye moto kidogo.

Ila hatari ya siasa ina bima yake. Shirika la ATIDI, lililoanzishwa 2001 na makao yake Nairobi, kazi yake ni hiyo: marufuku, vita, mteja kushindwa kulipa. Lakini bima ni pesa, na muuzaji mdogo faida yake ni shilingi chache kwa kilo.

Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani Kisauni na wimbo wa "tuuze nje", muulizeni: bima hiyo serikali itachangia ngapi? Na kabla ya kukaribisha mkutano wa siasa ya nchi nyingine, kuna mtu anayewauliza wenye mzigo baharini?

Nani hapa alikuwa kwenye laini ya godauni Machi ile? Tuelezeni ilikuwaje.