Je, Wajua? Samoni, risasi na meza za Yeoville

Je, wajua kwamba samoni wa baharini huvuliwa kwa kipande cha madini ya risasi tu, bila chambo cha kuliwa? Kifaa chenyewe huitwa jigi: bapa, kizito, kimepakwa rangi ya fedha. Chubwi huzama wima. Jigi haifanyi hivyo. Ubapa wake huifanya iyumbe huku na huko, ikimeta ubavu mmoja kisha mwingine, na samoni huona heringi aliyejeruhiwa. Samoni akivamia kundi la heringi huacha wengine nusu hai, na hao ndio mlo usiohitaji mbio.

Wajua samoni huuma lini? Mara nyingi jigi ikiwa inashuka. Ndiyo maana mgeni hurudi mikono mitupu: anainua fimbo kwa nguvu, anaishusha haraka, mshipi unalegea, samaki anauma na kutema bila yeye kujua. Mzoefu huifuata jigi kwa fimbo, mshipi ukiwa umenyooka kidogo tu. Ukilegea kabla jigi haijafika kina chake, anakaza papo hapo.

Samoni pia husikia mtikisiko wa maji kwa mstari wa hisi ubavuni, kwa hiyo hata maji yakiwa yametibuka jigi haipotei.

Si samoni wote wanaodanganyika. Aina iitwayo sockeye hula zaidi viumbe vidogo vinavyoelea majini. Heringi wa risasi hamsisimui sana. Chinook na coho ndio walafi.

Je, wajua kwamba British Columbia, Kanada, anayevua samoni lazima atumie ndoana isiyo na kile kijimwiba cha nyuma kinachoizuia isichomoke? Samaki asiyeruhusiwa kuchukuliwa hurudishwa majini akiwa na jeraha dogo.

Sasa tupande Yeoville, Johannesburg, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mvuvi wa jigi angeendesha gari saa kadhaa hadi Durban ndipo aonje chumvi. Akifika huko na kuambiwa "daga salmon", asishangilie: huyo ni kob, ambaye dume lake hunguruma kwa kutikisa kibofu chake cha hewa. "Cape salmon" naye ni geelbek, wa ukoo huohuo wa kob. Samoni wa kweli hakuwahi kuwa na asili kusini mwa ikweta. Wale wa New Zealand walipandikizwa, na wa Chile hufugwa.

Lakini jigi Afrika Kusini ipo, tena ya wachuma riziki! Wavuvi wa Rasi ya Magharibi humvua samaki aitwaye snoek kwa mshipi wa mkono wenye risasi inayong'aa na vishada vya rangi. Wao huiita doli. Snoek akitua mashuani huvunjwa shingo mara moja, kwani meno yake si ya kuchezea. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza iliagiza mamilioni ya makopo ya samaki huyu. Waingereza wakamkataa, na mengine yakaishia kwa paka. Hasara yao, nasema mimi. Snoek wa kuchoma aliyepakwa jamu ya aprikoti hana mpinzani.

Rasi ya Mashariki, tangu miaka ya 1980, ngisi aitwaye chokka huvuliwa kwa jigi, usiku, chini ya taa kali. Wengi wao husafirishwa Ulaya.

Na mpiodi, samaki wa mezani kwa Wakongomani wa Yeoville, je? Huyo hana habari na jigi: hukokotwa kwa nyavu kubwa katika maji ya Namibia.

Tukirudi kwa samoni, Kenya ina jamaa zao milimani: mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alipandikiza trauti katika Mto Gura, Aberdare.

La mwisho, ninalolipenda kuliko yote. Bwawa la Katse, Lesotho, lenye ukuta wa mita 185, lilianza kupeleka maji Afrika Kusini mwaka 1998. Maji hayo hupita chini ya milima, huingia mito inayomiminika katika Bwawa la Vaal, kisha husafishwa na kupandishwa Johannesburg. Ndani ya Katse hufugwa trauti wa upinde wa mvua, ambaye wanasayansi wamemweka jenasi moja na samoni wa Pasifiki. Kwa hiyo mkazi wa Yeoville anayefungua bomba kujaza sufuria ya ugali huenda anapika kwa maji walimoogelea jamaa za chinook.